Wenye ofisi za udalali wa nyumba na viwanja, mnawasimamiaje vijana wenu wa saiti?

#1 Ofisi_Sinza (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina ofisi ya udalali wa nyumba na viwanja hapa Dar, upande wa Sinza. Nafanya kazi na vijana sita wa saiti, wawili kati yao wadada. Nimeleta uzi huu kwa sababu kila nikikaa na wenye ofisi wenzangu nasikia kilio kile kile: kijana kakimbia na hela ya mteja, kijana kaweka cha juu, kijana kauza kiwanja chenye kesi. Nikiuliza "wewe unamsimamiaje?" naambiwa lazima aripoti saa mbili asubuhi, avae fulana ya ofisi, arushe matangazo kumi kwa siku.

Kwangu mimi huo si usimamizi. Hakuna mteja aliyewahi kutapeliwa kwa sababu dalali alichelewa kazini. Dalali anaharibu pale hela inapopita mkononi mwake, na pale anapokuwa yeye peke yake ndiye anayemjua mwenye mali. Ukizishika njia hizo mbili, aje saa mbili au saa tano, kazi itaenda.

Tuanze na hesabu, maana hapa wengi hawapaangalii. Chukua nyumba ya laki nne kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani 2,400,000. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, 400,000. Ofisi ikigawana nusu kwa nusu na kijana, anaondoka na 200,000. Sasa kijana huyo huyo akimwambia mpangaji kuwa nyumba ni 450,000, ile elfu hamsini kwa miezi sita inafika 300,000, na yote ni yake. Cha juu kinamlipa kuliko udalali wa halali! Kama hujui bei aliyoitaja mwenye nyumba kwa mdomo wake, basi una kijana ambaye uongo unamlipa zaidi ya ukweli, na hakuna wa kumgundua. Hata ukimfukuza ukaleta mwingine aliyelelewa kanisani au msikitini, hesabu haibadiliki.

Ndiyo maana ofisini kwangu hakuna nyumba inayotangazwa kabla mimi au msaidizi wangu hatujaongea na mwenye mali. Si dalali mwenzake, si mlinzi wa getini, si "mdogo wake mwenye nyumba". Mwenye mali mwenyewe. Namwuliza bei, miezi anayotaka, LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia, maji ni ya DAWASA au ya kisima, na kodi italipwa wapi. Majibu yanaandikwa kwenye fomu, anasaini. Akiwa mbali anayarudia kwa ujumbe wa simu na tunautunza. Tangazo linatoka na bei ya kwenye fomu, na mpangaji akifika ofisini anaonyeshwa fomu hiyo kabla hajatoa hela.

Pagumu zaidi ni mnyororo wa madalali. Nyumba iko Mbezi, picha zake zimezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp kila kona ya mji. Kijana wako kaipata kwa dalali wa Kimara, yule kaipata kwa dalali wa Mbezi Mwisho, na huyo naye kaambiwa na fundi aliyepaka rangi. Watu wanne wanasubiri kugawana udalali mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonana na mwenye nyumba. Tapeli anapenya hapo hapo. Anapanga nyumba kwa muda mfupi, anakabidhiwa funguo, anajifanya mwenye nyumba, anapokea kodi ya mwaka mzima kwa watu kadhaa, kisha anazima simu. Ukiwaita wote wanne watakuapia kuwa hawakujua, na watakuwa wanasema kweli. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia.

Sijawakataza vijana wangu kushirikiana na madalali wa mitaani. Ukikataza huna biashara, maana wale ndio wanaojua nani anahama kesho. Ila mnyororo lazima ufike kwa mwenye mali, na uandikwe: nani kaleta nyumba, nani anagawana, kiasi gani. Asiyekuwa kwenye karatasi hatumlipi, na hilo analijua tangu mwanzo.

Tuje kwenye hela. Kodi haipiti kwetu kabisa. Mpangaji analipa kwenye akaunti ya benki ya mwenye nyumba, na jina la akaunti lazima lifanane na jina la kwenye mkataba. Udalali unalipwa kwa Lipa Namba ya ofisi na risiti inatoka. Kijana hapokei hata mia mkononi. Maneno hayo yako ukutani na chini ya kila tangazo letu. Naye anapewa mgao wake siku ile ile mpangaji anapokabidhiwa funguo. Hili la siku ile ile nalisisitiza sana. Ukimzungusha kijana wiki tatu kwa hela aliyoitolea jasho, wewe mwenyewe unamfundisha kupokea pembeni.

Viwanja vina hatari kubwa kuliko nyumba, tutavifikia huko chini. Nakaribisha waliowahi kusimamia, waliosimamiwa, na hata wateja walioumizwa.

#2 Mpangaji_Tabata

Mkuu, mimi niko upande wa walioumizwa. Nilienda ofisi moja, nikapokelewa vizuri, nikapewa kijana mwenye fulana yao na kitambulisho shingoni. Tukazunguka naye. Kila nyumba tuliyofika tuliambiwa imeshachukuliwa, na hela ya kuzungushwa nilishailipa elfu ishirini. Ya mwisho niliipenda, akaniambia nitoe hela ya kushikia ili mwenye nyumba asimpe mtu mwingine. Nikamtumia kwenye namba yake. Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Niliporudi ofisini bosi alinijibu: "Dada, yule alikuwa anajitegemea, si mwajiriwa wetu. Kesi yako ni wewe na yeye." Niliondoka nikilia. Naomba kuuliza wanaojua sheria, kweli ofisi inaweza kujitoa hivyo? Fulana ni yao, kitambulisho ni chao, na hata meza tuliyokutania ni yao.

#3 WakiliMdogo

Dada #2, pole sana. Hawezi kujitoa kirahisi hivyo.

Uwakala kwetu unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mtu akimpa mwingine mamlaka ya kumfanyia shughuli, anafungwa na yale ambayo wakala wake anayafanya ndani ya mamlaka hayo. Sheria inakwenda mbali zaidi: hata kama wakala amevuka mipaka, endapo bosi kwa maneno au matendo yake amemfanya mteja aamini kuwa mtu huyu ana mamlaka, bosi anabanwa. Fulana, kitambulisho na meza ni matendo ya namna hiyo. Makubaliano yao ya ndani, kwamba kijana "anajitegemea", wewe hukuyajua na hukupaswa kuyajua. Nenda na ushahidi wa muamala, picha za kitambulisho kama unazo, na meseji zote. Ripoti polisi kwa upande wa utapeli, na ofisi iandikie barua ya madai kabla ya kwenda mahakamani.

Sasa niwageukie wenye ofisi. Kumfukuza kijana hakutoshi. Kuondolewa kwa mamlaka hakumgusi mteja ambaye hajaambiwa. Kijana akiondoka Ijumaa na Jumatatu anampigia mteja wako wa zamani akidai bado yuko kwako, unaweza kujikuta unaulizwa wewe. Chukua kitambulisho, watumie ujumbe wateja wote aliokuwa anawahudumia, toa na tangazo kwenye kurasa zako.

Na nyaraka gani umzuie kijana asiendelee bila kuziona? Kwa nyumba ya familia inayouzwa, ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa mali ya marehemu, mwuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. "Mtoto mkubwa wa marehemu" hana mamlaka ya kuuza kwa ukubwa wake tu. Migogoro mingi niliyoishika ilianza kwa dalali kusema "familia imekubaliana" huku akiwa ameonana na kaka mmoja tu.

Nyingine ndogo ambayo watu wanaipuuza: picha za vitambulisho vya NIDA vya wateja zinazorushwa kwenye magrupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kijana wako akirusha kitambulisho cha mteja hovyo, ofisi ndiyo itakayoulizwa.

#4 Dalali_wa_Goba

Nimesoma yote. Naomba nami nisikilizwe, maana huu uzi umejaa mabosi na mawakili, na mimi ndiye ninayetembea juani.

Mnasema kijana anataka awe peke yake anayemjua mwenye nyumba, yaani anaficha namba yake. Ni kweli, tunaficha. Mnajua kwa nini? Nimetafuta nyumba kwa nauli yangu na bando langu, nimemjua mzee mwenye nyumba, nimemzoea mpaka ananiita mwanangu. Nampa bosi namba kwa sababu "ni utaratibu". Mara ya kwanza tunagawana. Mpangaji akihama, bosi anampigia mzee moja kwa moja, anaingiza mtu mwingine, mimi nasikia mtaani. Nikiuliza naambiwa wateja ni wa ofisi. Namba ya mwenye nyumba ndiyo mtaji wangu, sina mwingine. Mshahara hakuna, bima hakuna, siku nikiumwa hakuna anayeuliza. Halafu niitoe bure?

Ile hela ya kuzungushwa anayoilalamikia dada #2, mimi pia siipendi. Lakini mteja anakwambia anataka nyumba ya laki mbili Mikocheni, unamzungusha kutwa kwa bodaboda, jioni anasema ataongea na mume wake, na humwoni tena. Nauli hiyo nani anailipa? Mkitaka tuiache, ofisi ilipe nauli. Sisi si wezi, tunatafuta pa kutokea tu.

Mleta uzi unaonekana mtu mwenye nia njema, nijibu hapo kwenye namba.

#5 Ofisi_Sinza (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Goba, umegusa mahali ambapo mabosi wengi hawataki paguswe, na una haki.

Ofisini kuna daftari la nyumba. Kila nyumba inayoingia inaandikwa jina la aliyeileta, na jina hilo halifutwi. Nyumba hiyo ikipangishwa tena mwakani, hata kama mteja kaletwa na kijana mwingine, hata kama mwenye nyumba kanipigia mimi usiku, aliyeileta anapata fungu la mleta nyumba. Kwetu mgao wa kijana umekatwa mara mbili, nusu ni ya aliyeleta nyumba na nusu ni ya aliyeleta mpangaji. Akifanya yote mawili anachukua yote. Kila kijana ana nakala ya ukurasa wake, imesainiwa na mimi. Tangu tuanze hivyo sijawahi kumbembeleza mtu anipe namba, maana kuileta ndiko kunakomlinda.

Nauli na bando ofisi inalipa, kila wiki, na kijana anarudisha orodha ya alikokwenda. Kwa hiyo hela ya kuzungushwa nimeipiga marufuku kabisa. Gharama zinaumiza, sikatai, lakini hela hiyo ndiyo inayomfanya dalali ampeleke mteja kwenye nyumba anayojua imeshachukuliwa. Ukiiruhusu, kuna watu watageuza kuzungusha kuwa ndiyo kazi yenyewe. Na tumejifunza kumhoji mteja kabla ya kutoka: bajeti yako ngapi, miezi mingapi unaweza kulipa, nani mwingine lazima aione. Yule wa laki mbili Mikocheni anaambiwa ukweli akiwa amekaa kwenye kiti, na bodaboda haiwashwi.

Bosi anayemnyang'anya kijana mteja hana haki ya kulalamika akifichwa. Nakuunga mkono hapo bila kusita.

Dada #2, fuata ushauri wa wakili. Na ofisi iliyokujibu vile imetuharibia jina sote.

#6 Mpima_Ardhi

Wakuu, nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi. Nichangie viwanja, maana mleta uzi aliahidi halafu akapitiliza.

Kosa kubwa nililoliona ni dalali kuonyesha ardhi asiyoijua. Anapelekwa na mwenyeji, anaonyeshwa mti na kichuguu, na kesho anampeleka mteja kwa kumbukumbu ya kichwa. Kwenye maeneo yanayokua haraka kama Chanika, Madale au Kigamboni, ukirudi baada ya mwezi mti umekatwa. Mteja ananunua hapa, karatasi zinasema pale.

Kwa kiwanja kilichopimwa, mwenye ofisi adai vitu vitatu kabla kijana hajatangaza: namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Kwa hivyo unaweza kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati ukajua mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Kisha ofisi ya mipango miji ya halmashauri ikwambie matumizi yake. Kuna viwanja vinauzwa kama makazi na kwenye mchoro ni vya shule au eneo la wazi. Dalali anaona nyasi tu, mchoro unasema mengine.

Kijana apige picha za mawe ya mipaka, zile bikoni, namba zake zionekane, na atume alama ya mahali kutoka kwenye simu. Simu inakosea kwa mita kadhaa, hivyo isitumike hata siku moja kuonyesha mpaka. Lakini inatosha kumwambia bosi aliyekaa ofisini kama kijana yuko kwenye kitalu sahihi au yuko mtaa wa pili.

Ardhi isiyopimwa ndiyo yenye vurugu. Huko bado watu wanauza kwa hatua. "Ishirini kwa ishirini", mnunuzi anafikiri ni mita, yaani mita za mraba 400. Hatua ya mtu wa kawaida ikiwa sentimita 75, hiyo ni mita 15 kwa 15, sawa na mita za mraba 225. Karibu nusu ya kiwanja imeyeyuka na hakuna aliyedanganya kwa maandishi. Mwenye ofisi, kataza neno hatua kwenye matangazo yako. Mpe kila kijana futi kamba ya mita 50, si ghali, na majirani wote wa mipaka wawepo siku ya kupima. Jirani asiyetaka kuja au asiyetaka kusaini, hapo kuna jambo. Simamisha.

#7 Dalali_Dada

Asante kaka mpimaji. Mimi ni dalali mwanamke. Nimeona usimamizi umeongelewa kama kumzuia kijana asiibe tu. Kuna usimamizi wa kumlinda, nao hauongelewi kabisa.

Kazi yetu ni kuingia kwenye nyumba tupu na mtu tusiyemjua. Mteja anapiga saa kumi na mbili jioni, anasema yuko njiani anatoka kazini, anaomba nimwonyeshe nyumba iliyo ndani huko, umeme hakuna. Ukikataa, bosi anauliza kwa nini tumepoteza mteja. Mimi nimewahi kutoka mbio kwenye nyumba ya namna hiyo. Sitasimulia zaidi.

Ofisi niliyopo sasa imeweka utaratibu na nimetulia. Mteja mpya anatoa jina na namba yake kwanza. Ofisi inaanza kama inamtumia hela, jina la usajili linatokea kwenye simu, tunalinganisha na alilojitaja. Halilingani, anaulizwa. Nyumba tupu inaonyeshwa mchana, na kama ni mbali tunakwenda wawili. Nikiingia naandika kwenye grupu la ofisi "nimeingia", nikitoka "nimetoka", na kuna mtu kazi yake ni kupiga simu nikikaa kimya. Mlango wa mbele unabaki wazi muda wote, na mteja anatangulia kuingia vyumbani, mimi nasimama karibu na mlango.

Hayo yanamlinda pia mteja wa kike anayezungushwa na dalali wa kiume. Wadada wengi wanaogopa kupiga namba za kwenye matangazo kwa sababu hiyo, na wanaume wenye ofisi hamjui mnakosa wateja wangapi.

#8 Agenti_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Kwetu kuna sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, ya tangu 1984, na bodi ya kuwasajili. Mabroka wasiosajiliwa bado wamejaa mitaani, sitawadanganya. Lakini angalau mteja ana mahali pa kuuliza kama ofisi imesajiliwa.

Kitu ambacho hakiwezi kufanya kazi kwetu ni hiyo ya kodi kutopita ofisini. Ofisi nyingi huku zinasimamia fleti kwa niaba ya landilodi. Tunakusanya kodi kila mwezi, tunatoa komisheni yetu, tunampelekea landilodi salio na hesabu. Kwa hivyo mchezo wa huku uko kwa keateka, yule mtunza jengo. Mpangaji ananyimwa risiti, keateka anapokea keshi, anaripoti kuwa nyumba iko tupu. Miezi miwili nyumba "tupu" ina watu na pazia dirishani.

Dawa yetu imekuwa paybill pekee, ile namba ya kulipia kwa simu, namba ya nyumba ikiwa ndiyo akaunti, na pesa ya malandilodi ina akaunti yake ya benki isiyochanganywa na ya ofisi. Halafu mtu wa ofisi, si yule keateka, anatembelea kila nyumba iliyoripotiwa tupu. Anagonga mlango. Hiyo tu.

#9 Mtu_wa_Deira

Niko Dubai, nafanya kazi ya karani kwenye ofisi ya nyumba. Nawaletea jambo moja mlipime, hasa kwa hizo picha zinazozunguka kwenye magrupu.

Huku tangazo la nyumba haliruki hivi hivi. Lazima liwe na namba ya kibali cha Trakheesi, inayotoka kwa RERA, chombo kilicho chini ya Idara ya Ardhi ya Dubai. Ili upate kibali, ofisi lazima iwe na Fomu A, yaani mkataba wa mwenye nyumba na ofisi, umesainiwa. Dalali mwenyewe ana kadi yenye namba, na kadi imefungwa kwenye ofisi moja. Akihama, inabadilishwa.

Najua Tanzania hakuna mfumo kama huo. Lakini ofisi moja inaweza kujiwekea. Kila nyumba iliyopita kwenye fomu ya mleta uzi ipewe namba, na namba iandikwe juu ya picha yenyewe. Mteja akipiga simu ofisini kuuliza namba hiyo, aambiwe bei. Picha isiyo na namba si ya ofisi. Kazi yangu kila asubuhi ni kupitia matangazo ya madalali wetu na kuangalia namba. Iliyokwisha muda inashushwa siku hiyo. Nyumba iliyochukuliwa haitangazwi ili kuvutia simu.

#10 Ofisi_Sinza (mleta uzi)

Wakuu, nimenufaika kuliko nilivyotarajia. Namba juu ya picha naanza nayo wiki hii, pamoja na futi kamba. Dada #7, la kuandika "nimeingia, nimetoka" nimeliona ni la lazima, na nitamteua mtu wa kulisimamia leo jioni. Namba itaandikwa pia kwenye daftari, karibu na jina la aliyeleta nyumba.

Niongeze jambo ambalo sikuliandika pale juu, na kwangu limefanya kazi kuliko kikao chochote cha asubuhi. Kila biashara ikifungwa, msaidizi wangu anampigia mpangaji na mwenye nyumba baada ya siku chache. Si kijana aliyewahudumia. Anauliza mambo machache tu: ulilipa jumla shilingi ngapi, ulimlipa nani kwa njia gani, kuna hela yoyote uliyotoa bila risiti, kuna ulichoahidiwa na hujakiona? Majibu yanalinganishwa na fomu. Vijana wote wanajua simu hiyo ipo. Kijana mwaminifu anaipenda, kwa sababu wateja wanamsifia na sifa hizo zinaandikwa. Ukikuta tofauti, usianze na kumfokea. Mwite, mwonyeshe fomu na majibu, msikilize. Kuna mara mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyepandisha bei mlangoni.

Kwenye viwanja naongeza kitu kimoja juu ya aliyosema mpimaji: mnunuzi anayetaka kulipa mamilioni kwa noti, kijana haruhusiwi kuendelea naye peke yake hata hatua moja. Sheria ya 2006 ya kudhibiti fedha haramu imewataja mawakala wa nyumba na ardhi miongoni mwa wanaopaswa kutoa taarifa. Malipo yapitie benki, akigoma tunaachana naye.

Na ile asilimia kumi ambayo baadhi ya viongozi wa serikali za mitaa wanaidai kwenye mauziano, kijana asiikusanye kwa niaba ya mtu. Malipo yoyote yanayodaiwa kwa jina la serikali yawe na risiti ya serikali.

#11 Dalali_wa_Goba

Mkuu nimekuelewa, na hilo daftari nimelipenda. Swali langu la mwisho. Nikija kufanya kazi kwako na nyumba zangu arobaini, tukaandika zote, halafu baada ya mwaka nikaamua kufungua ofisi yangu. Nyumba zile zinakuwa za nani?

#12 Ofisi_Sinza (mleta uzi)

Ulizokuja nazo unaondoka nazo. Zinaandikwa siku ya kwanza kwenye ukurasa wa peke yake, tunasaini wote wawili, na wenye nyumba wanaambiwa. Ulizozileta ukiwa unalipwa nauli na ofisi zinabaki ofisini, ila fungu lako la mleta nyumba linaendelea kwa miezi kumi na miwili baada ya kuondoka. Mpangaji akiingia ndani ya muda huo nakutumia chako. Baada ya hapo mwenye nyumba achague mwenyewe anataka kufanya kazi na nani, hakuna kumkataza.

Vitambulisho vya wateja na mikataba havitoki. Simu ya kazi ni ya ofisi, laini imesajiliwa kwa jina la ofisi, unairudisha. Wateja ambao bado unawahudumia siku hiyo tunawapigia pamoja, mimi na wewe, tunawaambia nani anaendelea nao.

Ukiona inakufaa nitumie ujumbe, nikupe nakala ya fomu na ya ukurasa wa daftari uzisome kwanza nyumbani kabla hatujaonana.